Kifaru T3 cha Christie: Je, kweli ndicho kilichoizaa T-34?

Ukikaa na watu wanaopenda habari za vifaru, haipiti saa moja utaisikia kauli hii: Wamarekani walikuwa na kifaru bora kuliko vyote wakakitupa, Warusi wakakiokota na kukipa jina la T-34, kile kifaru chao maarufu cha Vita Kuu ya Pili. Nimeisikia mara nyingi na kila mara inaniuma. Si uongo mtupu, ila imebeba nusu ya ukweli na kuiacha nusu nyingine njiani. Inamdhulumu John Walter Christie, mhandisi wa New Jersey aliyekibuni, kwa kumsifia kitu ambacho hakukitengeneza. Inawadhulumu pia mafundi wa Kharkiv, mji wa Ukraine T-34 ilikobuniwa, ambao kazi yao ngumu zaidi haikuwa kunakili bali kuchagua nini cha kutupa.

Kifaru kinachozungumzwa kina jina: T3, kifaru cha kati cha majaribio cha jeshi la Marekani, cha mwaka 1931. Kilikuwa na watu wawili tu ndani, mzinga wa milimita 37 na bunduki moja ya rashasha. Ukikitazama pichani hakitishi. Lakini kwanza tujue kilikuwa kinajibu swali gani.

Vifaru vya Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vizito na goigoi. Mark V cha Waingereza kilikwenda kilomita saba na ushee kwa saa, mwendo ambao mtu mwenye haraka anaumudu kwa miguu. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye minyororo, ile mikanda ya chuma ambayo kifaru kinatembelea. Kila kipande cha mnyororo kimeungwa na mwenzake kwa pini. Pini inasagika na vumbi na matope, tundu lake linapanuka, mnyororo unalegea na mwisho unakatika. Basi kifaru kililazimika kubebwa kwa treni au lori hadi karibu na mapigano, kishushwe, kifanye kazi siku moja au mbili, kisha kirudi kwa mafundi. Jeshi linalotegemea chombo cha namna hiyo haliwezi kumzunguka adui wala kumfukuza.

Kubebwa huko ndiko kulikoleta hata neno "kifaru cha kati". Mwaka 1922 Wizara ya Vita ya Marekani ilipanga kwamba kifaru chepesi kisizidi tani 5, ili lori likibebe, na cha kati kisizidi tani 15, kwa sababu ya madaraja ambayo jeshi lingeyavuka. Kwa hiyo "cha kati" halikuwa jina la nguvu ya mzinga wala unene wa deraya. Lilitokana na uwezo wa daraja. Msomaji wa leo akisikia kifaru cha kati anawaza T-34 au Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili, vya tani 30 hivi, na akiitazama T3, ya kama tani 10, anashangaa. Aiangalie kwa mizani ya wakati wake.

Christie alianza na magari ya mashindano. Mwaka 1907 alipeleka gari lake mwenyewe Ufaransa kwenye mashindano ya Grand Prix, gari ambalo magurudumu ya mbele ndiyo yaliyokuwa yanavuta, jambo geni kabisa siku hizo. Baadaye alitengeneza vichwa vya kuvutia mitambo ya zimamoto, vile vilivyochukua nafasi ya farasi katika miji ya Marekani. Mtambo wa zima moto wenyewe ulikuwa mzima, kilichopitwa na wakati ni farasi. Christie akaondoa farasi, akafunga mbele magurudumu mawili na injini. Huko ndiko alikojifunza kutazama chombo kizima na kuuliza ni sehemu gani hasa inayokirudisha nyuma.

Alipogeukia vifaru mwaka 1919, jibu lake kwa tatizo la minyororo lilikuwa kukipa kifaru miguu ya aina mbili. Barabarani kitembee kwa magurudumu yake kama gari na minyororo iwe imevuliwa na kufungwa juu, kandokando ya bodi. Kikifika penye matope, kivishwe minyororo. Vile vya kwanza jeshi lilivijaribu likavikataa, na haki ilikuwa upande wa jeshi: vilikuwa vinavunjika na kuwatesa waliomo. Miaka kadhaa ikapita. Oktoba 1928, Fort Myer huko Virginia, Christie alirudi na kitu kingine kabisa.

Aliiita Model 1940. Kwa maoni yake ilikuwa imewatangulia wenzake kwa miaka kumi na miwili. Ilikuwa bodi tu, bila mnara wa mzinga, uzito wake chini ya tani 9, na ndani mlikuwa na injini ya ndege ya Liberty, silinda 12, yenye nguvu za farasi zaidi ya 300. Injini hizo zilitengenezwa zaidi ya 20,000 kwa ajili ya ndege za vita na vita vilipokwisha zilijaa maghalani. Kwa minyororo chombo hicho kilifika kilomita 68 kwa saa. Kwa magurudumu kilifika 112. Linganisha na zile saba za Mark V.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasema siri ilikuwa injini. Injini kubwa mtu yeyote angeweza kuifunga. Weka injini hiyo kwenye kifaru cha kawaida cha 1928, kikimbize porini kilomita 60 kwa saa, na kitajipasua chenyewe, baada ya kuwavunja mbavu waliomo. Siri ilikuwa kwenye springi.

Vifaru vingi vya wakati ule vilikuwa na magurudumu madogo mengi, yaliyofungwa mawili mawili au manne manne kwenye fremu moja yenye springi fupi. Gurudumu likigonga jiwe lina sentimita chache tu za kupanda kabla chuma hakijagonga chuma. Tena kwa kuwa yamefungwa pamoja, jiwe la mmoja linakuwa jiwe la wote. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori tupu linapopita kwenye tuta bila kupunguza mwendo anajua mgongo wake ulisema nini.

Christie aliyatenga. Aliweka magurudumu makubwa manne kila upande, yamevikwa mpira, na kila moja likafungwa kwenye mkono wake peke yake. Mkono huo umepinda kama kiwiko: ncha moja imeshika gurudumu, pembeni umeegemea bodi, na ncha nyingine inasukuma springi ndefu ya kuzunguka. Gurudumu likipanda, kiwiko kinageuka na springi inabanwa. Ugumu ulikuwa wapi pa kuiweka springi ndefu kiasi hicho. Ukiiweka chini, kifaru kinakuwa kirefu kwenda juu na kinaonekana kutoka mbali. Christie akaujenga ubavu wa kifaru kwa kuta mbili zenye nafasi katikati na springi akazisimamisha humo. Gurudumu likapata sentimita 25 hivi za kupanda na kushuka. Chukua rula uzitazame, kisha fikiria gurudumu la kifaru likimeza shimo la kina hicho huku bodi juu ikiendelea na safari yake karibu sawasawa.

Kuvua minyororo kulichukua kama nusu saa kwa watu waliozoea. Baada ya hapo, cheni kutoka kwenye gurudumu la meno la nyuma ilizungusha lile gurudumu kubwa la mwisho kila upande, na ya mbele yakakata kona kama ya gari. Kwa hiyo dereva alikuwa na njia mbili za kuendesha chombo kimoja: kwa minyororo anapunguza upande mmoja ili upande mwingine ugeuze, kwa magurudumu anazungusha usukani. Lilikuwa wazo la akili nyingi. Pia, kama tutakavyoona, ndilo lililokuja kutupwa.

Jeshi la Marekani liliagiza saba za toleo la 1931. Tatu zikaenda kwa askari wa miguu na kuitwa kifaru cha kati T3. Nne zikaenda kwa vikosi vya farasi na kuitwa gari la mapambano T1. Mashine karibu ni ile ile, tofauti kubwa ikiwa ni kwamba ya farasi ilifungwa bunduki nzito ya rashasha mahali pa mzinga. Majina mawili yalitoka wapi? Sheria ya Ulinzi ya 1920 ilisema vifaru ni mali ya askari wa miguu peke yao. Vikosi vya farasi vilipotaka kuacha farasi vilikuta sheria imewafungia mlango, vikapita dirishani: tunacho "gari la mapambano", si kifaru. Ukisoma vitabu viwili vya historia ukaona T3 na T1 kama vifaru viwili tofauti, ujue chanzo ni sheria, si karakana.

Mgawanyo huo ulikuwa na madhara. Askari wa miguu walitaka kifaru kitembee nao, chenye deraya ya kuhimili risasi na mizinga midogo. Deraya ya T3 ilikuwa milimita 16 pale ilipokuwa nene zaidi. Wapanda farasi walitaka mbio. Fedha zilikuwa chache, maana uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu 1929. Juu ya hayo kulikuwa na Christie mwenyewe. Idara ya silaha ikimwandikia masharti ya kifaru inachotaka, yeye alikuwa amekwisha kuanza kutengeneza kingine anachokitaka yeye, chepesi zaidi na cha kasi zaidi. Mwaka 1932 alileta kifaru alichotaka kibebwe chini ya tumbo la ndege. Jeshi lilihitaji mtu wa kurekebisha T3, kuinenepesha deraya, kupanua mnara ili kamanda asiwe pia mpakia risasi na mpiga mzinga kwa wakati mmoja. Christie hakuwa mtu huyo. Agizo lililofuata la vifaru vitano, T3E2, likapewa kampuni ya American LaFrance, watengenezaji wa magari ya zimamoto, wakaongeza watu ndani hadi wanne. Wazo la Christie likaendelea bila Christie, kisha taratibu likafifia. Marekani ikachagua springi fupi za nje, zile utakazoziona baadaye kwenye Sherman, kwa sababu zilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kubadilisha. Mimi siwaoni kuwa wajinga kwa hilo. Makumi ya maelfu ya Sherman zilitembea nazo hadi ndani ya Ujerumani.

Sasa Warusi. Aprili 1930 wajumbe wa Kisovieti walitia saini mkataba na Christie wa vifaru viwili kwa dola 60,000, na malipo mengine ya haki ya kuvitengeneza. Wakati huo Marekani haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Umoja wa Kisovieti, uhusiano uliokuja 1933. Mwishoni mwa Desemba 1930 bodi mbili zisizo na minara zikapakiwa melini, katika karatasi zimeandikwa matrekta ya kilimo. Poland nayo iliagiza na haikupata. Mafundi wake walitengeneza cha kwao kwa wazo lile lile, kikaitwa 10TP, na kikabaki kimoja cha majaribio.

Kwenye kiwanda cha vichwa vya treni cha Kharkiv bodi zile zilichorwa upya sehemu kwa sehemu na Novemba 1931 vifaru vya kwanza vilipita kwenye gwaride la Moscow. Viliitwa BT, kifupi cha "kifaru cha mbio" kwa Kirusi. Matoleo yakafuatana, BT-2, BT-5, BT-7, hadi jumla yake ikapita 7,000. Warusi waliweka mnara wao, mzinga wao, na kuanzia BT-5 wakafunga mzinga wa milimita 45, uliokuwa mkali kuliko karibu wote wa wakati ule. Kifaru alichokiota Christie kilikuwa kimepata jeshi kubwa. Na jeshi hilo lilipoingia vitani, kila udhaifu wake ukaonekana.

Uhispania, Oktoba 1937, BT-5 zilishambulia Fuentes de Ebro zikiwa zimebeba askari mgongoni. Zikaingia kwenye matope na mizinga ya kupigana na vifaru, na nyingi hazikurudi. Mbio hazikusaidia kitu ambapo ardhi hairuhusu mbio, na deraya ya milimita 13 haisimamishi hata mzinga mdogo. Majira ya joto ya 1939 huko Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, jenerali Zhukov alizitumia BT dhidi ya Wajapani. Zilishinda, ila chupa za petroli zilizotupwa kwenye migongo ya vifaru hivyo, vyenye injini za petroli zilizo moto, ziliwasha vingi.

Na ile miguu ya aina mbili? Askari hawakuwa wakiivua minyororo. Barabara nyingi za huko zilikuwa za udongo, na kifaru cha tani 12 juu ya magurudumu membamba kinazama. Isitoshe, ukishavua minyororo lazima uivishe tena adui anapotokea, na nusu saa ni muda mrefu sana mtu akikupiga. Wakati huo huo chuma cha kutengenezea minyororo kilikuwa kimeboreka, kwa hiyo lile tatizo la mwanzo lililomfanya Christie abuni magurudumu lilikuwa linakwisha lenyewe. Kilichobaki ni gharama: magia ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu, mikono ya kukata kona, uzito wake na nafasi yake, vyote vikibebwa kila siku kwa kazi isiyofanyika.

Hapo anaingia Mikhail Koshkin, mbunifu mkuu wa vifaru wa Kharkiv. Agizo alilopewa lilikuwa la kifaru kipya cha magurudumu na minyororo, kikaitwa A-20, na kilitakiwa kiwe tata kuliko BT, magurudumu matatu ya kila upande yakisukumwa na injini. Koshkin alikitengeneza kama alivyoagizwa. Pembeni yake akaomba kutengeneza kingine, A-32, cha minyororo tu. Uzito uliookolewa kwa kuondoa magia yale akauweka kwenye deraya. Kumwambia mkubwa wa Kisovieti wa miaka ile kwamba sifa kuu ya agizo lake ni mzigo lilihitaji moyo. Vyote viwili vilijaribiwa 1939, A-32 kikaonekana kinaweza kunenepeshwa zaidi, na Desemba 19 mwaka huo kikakubaliwa kwa sharti la deraya ya milimita 45. Hicho ndicho T-34. Machi 1940 Koshkin alivisindikiza vifaru viwili vya kwanza kutoka Kharkiv hadi Moscow katika baridi kali. Akaugua nimonia na Septemba akafariki, akiwa na miaka 41.

Basi tufungue T-34 tuone kuna nini cha Christie. Deraya iliyolazwa kwa mshazari wa namna ile, injini ya dizeli ya V-2 yenye nguvu za farasi 500, mzinga wa milimita 76, minyororo mipana isiyozama: vyote hivyo ni vya Kharkiv. Cha Christie ni magurudumu makubwa yenye mpira, sasa matano kila upande, kila moja na mkono wake na springi yake ndefu ndani ya ubavu. Na kuna kitu kimoja kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye vifaru vingi gurudumu la kuvuta mnyororo lina meno yanayoingia kwenye matundu ya mnyororo. La T-34 halina meno hayo. Lina vijigurudumu vilivyopangwa kwenye mzingo wake, na mnyororo ndio wenye pembe, moja katika kila kipande cha pili, zinazonaswa na vijigurudumu hivyo. Hilo limetoka moja kwa moja kwa Christie.

Urithi huo ulikuja na madeni yake. Springi ndani ya ubavu zilikula nafasi ya watu, ambao tayari walikuwa wamebanwa na deraya iliyolala. Springi ikivunjika, kuitoa ni kazi nzito. Tena T-34 haikuwa na shokamzoba, kwa hiyo kikisimama ghafla bodi inaendelea kunesanesa, na mpiga mzinga anasubiri itulie ndipo alenge. Wabunifu walilijua hilo mapema. Mwaka 1941 walikuwa wakitayarisha T-34M, ambacho badala ya springi za Christie kilitumia fimbo za chuma zilizolala chini ya sakafu na kujisokota gurudumu linapopanda. Juni Wajerumani wakavamia, na viwanda vikaamriwa vitoe kile kinachojulikana, kwa wingi iwezekanavyo. T-34 ikapigana vita vyote na springi ambazo wenyewe walikuwa wameamua kuziacha.

Waingereza nao walifika kwa Christie kwa kupitia Urusi. Mwaka 1936 Wavell na Martel, maofisa wa jeshi la Uingereza walioalikwa kwenye mazoezi ya Jeshi Jekundu la Kisovieti, waliziona BT zikipita kwa mamia na kasi yake ikawashtua. Muda mfupi baadaye kifaru kimoja cha Christie kilinunuliwa na kuletwa Uingereza, na kutoka humo vikazaliwa A13, Crusader, Cromwell na Comet. Crusader zilipokuwa zikikimbizana na Wajerumani katika jangwa la Libya mwaka 1941 na 1942, ndani yake bado kulikuwa na injini ya Liberty, ile ile ya ndege za 1917, sasa ikitengenezwa Uingereza. Christie mwenyewe alifariki Januari 1944 akiwa na madeni, na jeshi la nchi yake halikuwahi kumnunulia zaidi ya vile vichache.

Baada ya vita Warusi walihamia kabisa kwenye zile fimbo za kujisokota, kwanza kwenye T-44, kisha T-54. China ikaitengeneza T-54 na kuiita Aina ya 59, na Aina ya 59 ikafika Tanzania. Vifaru hivyo ndivyo vilivyovuka mpaka kuingia Uganda katika vita vya 1979. Ukipata picha yake ya ubavuni, usiangalie mzinga. Angalia chini: magurudumu matano makubwa yenye mpira, na mnyororo unaorudi mbele ukiwa umelala juu ya migongo yake, bila vijigurudumu vya kuushikilia. Springi za Christie hazimo tena humo ndani, lakini umbo hilo ni lake, tangu Oktoba 1928.